Acheni Jina Lake Kwenye Jiwe

Kangemi,
kupitia Posta ya Kabete,
Nairobi.
8 Juni 1958

Mpendwa mdogo wangu Nduta,

Tumsifu Yesu Kristo! Itikia kwa sauti huko Voi nikusikie. Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Mguu wa mama mkwe wako umepona, au bado anautoa juani kila asubuhi? Sisi huku tu wazima. Baridi ya Juni imeshafika, ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne, na kifua changu kinakohoa kidogo, lakini si cha kukutia wasiwasi.

Shemeji Mwadime, najua ni wewe unayesoma, kwa maana huyu mke wako alikimbia darasa la ubatizo siku ile ile tulipoanza herufi. Basi nakuomba, soma polepole na usiruke mahali. Mara ya mwisho niliandika kurasa nne, na majibu yaliyorudi yalikuwa ya ukurasa mmoja. Nimeandika kwa Kiswahili kwa ajili yako, kwa hiyo isome yote, hata pale utakapoona haya kwa niaba yangu. Leo nina furaha mbaya, na nataka Nduta aisikie yote.

Masika ya mwaka huu yamekuwa mema. Maharagwe yamejaa, na yule ng'ombe mmoja tuliyebaki naye amezaa ndama jike. Mvua hiyo hiyo, Nduta, imenifanyia kazi nyingine ambayo kamati nzima ya wazee ilishindwa kunifanyia. Subiri nikueleze.

Unamkumbuka Ephantus Gatheru, jirani yetu wa upande wa juu, mwenyekiti wa kanisa, yule ambaye viatu vyake hulia hata akisimama. Shemeji hamjui, na ni heri yake. Mwaka wa 1954, siku za Hali ya Hatari, mume wangu Gichuru alipokamatwa mjini pamoja na mafundi wenzake wa mbao, walipelekwa uwanjani ndani ya seng'enge, na wazee wa kila sehemu wakaitwa waseme nani ni mtu mwema. Ephantus aliitwa. Lilitakiwa neno moja tu kutoka kinywani mwake. Huyu mtu ambaye shamba lake na letu yamelala ubavu kwa ubavu, aliyekula na kushiba siku ya harusi yangu, aliyeazima msumeno wa Gichuru akakaa nao miezi mitatu, alimtazama usoni akasema, "Huyu simfahamu vizuri."

Basi. Fundi aliyekuwa nyuma ya Gichuru kwenye mstari ndiye aliyenieleza alipoachiliwa. Gichuru akapandishwa lori. Mwaka uliofuata nikaletewa habari kwamba tumbo limemuua huko kambini, na mpaka leo sijui amelala wapi. Haya unayajua, mdogo wangu, ulilia nami. Lakini yanayofuata sikukuandikia, kwa sababu nilikuwa nimeapa nisiyaandike mpaka yaishe.

Mwaka wa 1956 walikuja mapadre na mabruda wa kanzu za kahawia, wale wa kamba kiunoni na makubazi miguuni hata kukiwa na matope. Walikuwa watano. Wanasema wameapa kutokuwa na mali yao wenyewe, na kwa kweli walikuja na masanduku mawili na sufuria. Walikaa kwenye banda la mabati kando ya barabara ya Kabete, wakitafuta mahali pa kujenga nyumba yao ya utawa na shule. Watu walifurahi, wacha we! Watoto wetu walikuwa wamekaa miaka bila darasa, wanahesabu kwa mawe.

Ulipofanywa mkutano wa kutafuta mahali, Ephantus akasimama na tai yake shingoni, akasema yeye anamtolea Mungu eka mbili. Makofi! Padre Kolumbani, mkubwa wa watawa hao, akamshika mikono yote miwili. Na kwa kuwa wakati huo mashamba yalikuwa yanapimwa upya na kuunganishwa, kamati ikamfidia eka mbili kule mtoni, penye ule udongo mweusi wa kupandia nduma. Mtu anatoa sadaka mchana na jioni amerudishiwa iliyo nono zaidi.

Sasa sikia. Zile eka mbili hazikuwa zake. Zilikuwa zetu.

Shemeji, sijui kwenu Taita mpaka mnautia alama gani. Sisi tunapanda gitoka. Ni ua lenye kitunguu kikubwa chini, likitoka ni jeupe lenye mistari ya waridi. Wazee wakishakubaliana mpaka, wanazipanda itoka kwa mstari, na mtu mwenye akili zake hazigusi. Ukiing'oa gitoka ya mpaka umewatukana waliokufa na ambao hawajazaliwa. Itoka zetu zilipandwa na babu yake Gichuru, kutoka kisiki cha mwiri mpaka barabarani. Juu ya mstari ni kwa Ephantus, chini ni kwetu mpaka ng'ambo ya korongo.

Lakini sisi wanawake tulikuwa tumefungiwa kijijini kwa amri ya serikali, shambani tunaenda saa chache na askari nyuma yetu, na upande ule hatukuruhusiwa kabisa. Masika ya mwaka wa 1957 yalipokwisha, Ephantus akaleta vibarua kutoka mbali, watu wasiojua desturi yetu, wakakata mstari wote na kulima juu. Kisha akawaambia wapimaji kwamba mpaka wa Gichuru ni lile korongo. Yaani shamba letu lote la juu likawa lake, na akalitoa sadaka.

Niliposikia nilikwenda mbele ya kamati. Mkubwa wa kamati ni Mzee Thuo, wewe unamjua, mtu wa haki lakini hakubali neno bila alama. Akaniambia, "Waceke, tupeleke utuonyeshe itoka." Tukaenda, wazee saba na mimi. Nduta, nilifika pale nikakuta udongo mtupu, mwekundu. Niliinama nikaanza kupapasa kwa mikono, na Ephantus akasema mbele ya wote, tena kwa sauti ya kanisani, "Mama huyu amefiwa. Tumwonee huruma."

Huruma! Huruma ya Ephantus Gatheru! Nilinyanyuka nikajipangusa magoti, nikaenda zangu. Siku hiyo sikulia. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma.

Sikuishia hapo. Niliomba pasi ya kwenda mjini kutafuta dawa ya kifua, na aliyekaa kwenye meza ya kutoa pasi ni nani kama si Ephantus? Akanitakia afya njema. Nikashuka mjini mpaka kwa Ndeti, yule Mkamba anayeandikia watu barua za serikali karibu na mahakama, ana taipu yake na mwavuli. Ndeti alinisikiliza mpaka mwisho, hakunicheka. Akasema anaweza kuandika hata kurasa kumi, lakini mzungu wa mashamba atauliza swali lile lile la Mzee Thuo: alama iko wapi? Akanishauri nirudi nyumbani nisubiri, kwa sababu ardhi haihami.

Ardhi haihami. Nilirudi na hilo neno kichwani, kwa miguu kutoka Westlands kwa sababu basi lilijaa, na nilipofika Kabete nikasimama katikati ya njia. Kumbe mimi mjinga! Nimelima tangu nikiwa na miaka sita. Nani asiyejua kwamba kitunguu cha gitoka kinakaa chini, urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko? Ukikata majani na kulima juu juu, umekinyoa tu. Ephantus hajashika jembe tangu avae viatu, na wale vibarua wake walilima kama walivyolipwa. Itoka zetu zilikuwa bado mle mle, zimelala.

Basi asubuhi yake nikaenda kwa Padre Kolumbani nikaomba kazi ya kufua.

Alinipa siku hiyo hiyo, maskini, hakujua anamwajiri nani. Nimewafulia tangu Septemba mwaka jana: kanzu zao nzito kama mablanketi, shuka, na vitambaa vya altare ambavyo natia wanga na buluu na kupiga pasi mpaka vinasimama vyenyewe. Ni watu wema, Nduta, sitawasema vibaya. Walidanganywa kama sisi. Padre Kolumbani anakula ugali na mboga kama mtu wa hapa, na Bruda Feliki, yule mwenye ndevu nyekundu, anapenda maua kuliko chakula. Kiswahili chake ni cha kuhurumia. "Mama Waceke, hii ua jina yake nani?" Kutwa nzima.

Ujenzi uliendelea. Waashi walitoka Nyanza, na mkubwa wao ni Tobias, Mjaluo mrefu anayeimba nyimbo za kanisa akichonga mawe. Nyumba ya watawa ikapanda, darasa la kwanza likapanda, yote juu ya shamba la Gichuru. Nami nilipita hapo kila siku na beseni kichwani, nikisalimia kila mtu.

Novemba mvua za vuli zilipoanguka, nikaenda kule nyuma, kwenye ukingo wa juu wa kiwanja, karibu na kisiki cha mwiri. Nikakuta ncha moja ya kijani, nene kama kidole gumba. Hatua mbili, nyingine. Hatua mbili, nyingine. Nilikaa chini kwenye matope, Nduta. Niliita jina la Gichuru kwa sauti.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia kumwita Mzee Thuo saa ile ile. Nilifikiria. Lakini Ephantus alikuwa anapita pale kila siku kuangalia "shule yake", na wazee hawaitwi wakaja siku moja. Angeona, angeleta vibarua wengine na kuwaambia wachimbe mpaka chini, na safari hii mimi mwenyewe ningekuwa nimemfundisha kazi. Tena, kusema kweli, sikutaka ashindwe mbele ya wazee saba. Nilitaka watu wote wawepo.

Nikamwambia Bruda Feliki kwamba kanzu nzito kama zile zinataka upepo wa juu, na hapa chini hazikauki. Tobias akanisimikia nguzo nne, nikafunga kamba zangu za nguo juu ya mstari wa itoka, kutoka kisiki mpaka barabarani. Chini yake nikatandaza nyasi kavu nyingi, eti nguo zikianguka zisichafuke. Kila ncha iliyochungulia niliikunja chini ya nyasi. Kwa miezi sita, mdogo wangu, nililinda mpaka wa mume wangu kwa kanzu za mapadre.

Siku moja Ephantus alikuja akasimama chini ya kamba zangu, kiatu chake juu ya nyasi. Akasema amefurahi kuniona nimejishughulisha, kazi inaondoa mawazo. Nikamjibu, "Ni kweli, mzee, nashukuru." Alikuwa amekanyaga gitoka ya saba kutoka kisikini. Niliingia jikoni nikajifungia kitambaa mdomoni kwa kicheko.

Baraka ya nyumba na shule iliwekwa Jumapili ya tarehe nne Mei, Baba Askofu mwenyewe aje. Tobias alichonga jiwe la ukutani, karibu na mlango wa darasa, herufi kubwa za kina cha kucha. Padre Kolumbani alitaka liwe la Kiswahili ili kila mtu asome, Mkikuyu, Mluhya na Mjaluo. Liliandikwa: ARDHI HII ILITOLEWA NA EPHANTUS GATHERU. Wakalifunika kwa kitambaa cheupe. Na hicho kitambaa, nakwambia, nilikifua mimi na kukipiga pasi mimi.

Masika yakaja na nguvu. Kuanzia Pasaka niliziachia itoka zangu, na nikaanika kanzu na shuka mchana kutwa ili itoka zisionekane, nguo nyingine zikiwa kavu tangu juzi. Bruda Feliki aliona. Alipenya katikati ya shuka akatoka ameshika ndevu. "Mama Waceke, hii maua naota peke yake?" Nikamwambia zimepandwa zamani na mtu wa hapa, na kwamba zinapenda kuonekana siku ya sikukuu tu. Akafurahi kama mtoto, akasema Mama Maria amejitengenezea njia. Sikumdanganya, nilimwachia tu nusu.

Jumapili ile asubuhi, watu hawajafika, nilitoa nguo zote. Nikakunja kamba, Tobias akang'oa nguzo. Nikasogea nyuma nikatazama. Mstari mmoja, umenyooka, itoka ishirini na tisa, na zote zimechanua kwa pamoja, nyeupe na waridi, kutoka kisikini mpaka barabarani. Nduta, ungeona! Hata kama mtu ni kipofu angeujua huo mpaka.

Watu wanaingia kutoka upande wa barabara ya juu, kwa hiyo kila mtu lazima auvuke. Wa kwanza kufika walikuwa wazee wa kamati. Mzee Thuo alikuwa mbele na fimbo yake. Alifika kwenye itoka akasimama. Akavua kofia. Akatazama kulia mpaka kisikini, akatazama kushoto mpaka barabarani, na hakuvuka. Wazee wengine wakasimama nyuma yake. Wanawake wakaja wakasimama. Wenye magauni mapya, wenye watoto mgongoni, kwaya na sare zao, wote wamesimama upande wa juu kama maji yaliyozuiwa. Waluhya na Wajaluo tu ndio waliovuka wakakaa, kisha wakaanza kugeuka kuwaangalia wenzao.

Ephantus ndiye aliyekuja na Baba Askofu ndani ya gari, ana ua la karatasi kifuani. Alishuka akitabasamu. Kisha akaona.

Nimesubiri miaka minne kuuona huo uso. Haukubadilika mara moja. Tabasamu lilibaki, lakini lilikuwa limeachwa peke yake, macho yameshaondoka. Mzee Thuo akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kikuyu, watu wote wakisikia: "Ephantus, shamba ulilolitoa ni lipi?"

Baba Askofu akauliza anasemaje. Hakuna aliyemtafsiria. Bruda Feliki, jamani, yeye akamshika Askofu mkono akamtembeza kando ya mstari mzima akimwonyesha maua ya Mama Maria, na Askofu akayabariki. Haki ya Mungu. Akayanyunyizia maji ya baraka, moja baada ya jingine, na Ephantus anafuata nyuma, maana ndiye mgeni wa heshima na hakuwa na pa kwenda.

Mwishowe Mzee Thuo alinitafuta kwa macho kwenye umati. Nilikuwa nimekaa chini ya mstari, upande wa shule. Akasema, "Waceke wa Gichuru, tunaomba ruhusa tuingie kwako." Nikasema, "Karibuni." Ndipo wakavuka, mmoja mmoja, wakiinua miguu wasiguse ua. Misa ikasomwa. Kitambaa kikavutwa, jiwe likasomwa kwa sauti, na Padre Kolumbani akaanza kupiga makofi peke yake. Alipiga mara tatu, akaacha.

Jumatano kamati ilikaa. Haikuchukua muda. Zile eka mbili za mtoni, zenye udongo wa nduma, zimeandikwa kwa jina langu na la mwanangu Gathoni, na karatasi ninayo ndani ya sanduku chini ya kitabu cha sala. Ya huku juu nimewaachia watawa kwa hiari yangu mwenyewe. Watoto wasome. Gichuru angetaka hivyo, alikuwa anapenda shule kuliko mtu aliyesoma.

Padre Kolumbani alipoelezwa yote alikuja mpaka jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, mzungu mzima, akaniomba msamaha na machozi yakamtoka. Akasema Tobias atalichonga upya lile jiwe, atafuta jina la Ephantus na kuandika la Gichuru. Akasema lakini neno la mwisho ni langu, kwa kuwa ardhi ni yangu.

Siku iliyofuata Ephantus akaja mwenyewe. Nilikuwa nakamua kanzu. Alikuwa hana tai. Tobias alikuwa tayari pale ukutani, patasi na nyundo mkononi, anangojea niseme. Ephantus akaniita mama Gathoni, jambo ambalo hajalifanya tangu 1954. Akasema anaomba jina lake liondolewe. Akasema wajukuu zake wataingia shule hii. Akasema watu hawamsalimii, hata mkewe anakula upande mwingine wa nyumba. Akasema, "Sisi ni majirani wa miaka mingi, wewe unanifahamu."

Nduta, sikupanga nitakachosema. Kilitoka chenyewe. Nilimtazama usoni vizuri, nikamwambia, "Mzee, mimi sikufahamu vizuri."

Alielewa. Nikamgeukia Tobias nikamwambia, rudisha vyombo vyako ndani, jina linabaki. Gichuru hahitaji jiwe, alama yake iko pale juu na imepata maji ya Askofu. Lakini hili jina liachwe kama lilivyo, lisipungue hata herufi moja. Nikaendelea kukamua kanzu yangu. Alipoondoka viatu vyake havikulia, au labda sikusikia.

Padre hakufurahi. Nilipokwenda kuungama akaniuliza, umemsamehe? Nikasema bado, Padre. Akaniambia kwa upole nirudi nikiwa tayari. Kwa hiyo ni Jumapili ya nne leo ambayo nafua kitambaa cha altare, nakipiga pasi, nakitandika, halafu wakati wa komunyo nabaki kwenye benchi. Inaniuma, sitakuficha. Gichuru hajarudi, hilo nalo nalijua, wala itoka hazitamrudisha. Uniombee, lakini tafadhali usiombe nibadilishe nia. Kwanza acha nishibe.

Kwa maana hujasikia jambo lenyewe. Darasa la kwanza lina watoto arobaini na mmoja, na mwalimu wao ni Bruda Feliki. Vitabu vimechelewa. Sasa yeye, na roho yake safi isiyojua kitu, ameona kwamba herufi za lile jiwe ni kubwa na zinasomeka. Kila asubuhi saa mbili u nusu anawatoa nje, anawapanga mbele ya ukuta, anaonyesha kwa fimbo, nao wanasoma kwa kelele zote za vifua vyao: "A-r-dhi hi-i i-li-to-le-wa na E-pha-ntus Ga-the-ru!" Mara tatu. Kisha wanarudi ndani. Nyumba ya Ephantus iko juu hapo hapo, ng'ambo ya itoka, na siku hizi madirisha yake yanafungwa mapema.

Wiki jana mjukuu wake mmoja ndiye aliyeshika fimbo. Alisoma vizuri kuliko wote.

Haya, nimalize. Nisalimie Mghoi na Mwakio, uwaambie mama mkubwa anawawekea maharagwe. Mama mkwe wako mpe mikono yangu miwili. Mzee Thuo anakusalimu, na Tobias pia, ingawa hamjaonana, anasema Voi ataijengea kanisa. Gathoni anauliza utakuja lini. Shemeji Mwadime, kama umesoma yote bila kuruka, Mungu akuzidishie macho.

Mungu awalinde nyote, awape mvua ya kutosha, na majirani wanaowafahamu.

Nakomea hapa. Kesho ni Jumatatu, kuna kanzu tano za kufua, na nataka niwe nimeshaanika kabla ya saa mbili u nusu.

Dada yako asiyekusahau hata siku moja,
Waceke wa Gichuru